Dimoni kongwe ya mtandao: iguswe, iachwe au iondolewe?

Mradi wa mfumo endeshi huria unapoandaa toleo jipya, dimoni za zamani hurudi mezani: telnetd, ftpd, rlogind, fingerd, programu zinazokaa nyuma zikisubiri mteja agonge poti yake. Nyingi zina asili ya Chuo Kikuu cha Berkeley, kwenye mfumo wake wa BSD, miaka ya 1980. Wanaozitetea husema msimbo uliokaa miaka 40 umeshatoa makosa yake yote, na kwamba mistari elfu chache haimli mtu kitu. Wanaozipinga husema hakuna anayeusoma tena, na kila hitilafu itakayofumuka itaandikwa kwa jina la mradi mzima.

telnetd, dimoni inayomwingiza mtu kwenye kompyuta ya mbali kwa itifaki ya Telnet, ndiyo kipimo kizuri: historia yake inawaumbua wanaotegemea umri wa msimbo, na pia wanaodhani kuutunza tu kunatosha.

Tuanze na hilo la umri. Mwaka 2001 iligundulika kuwa telnetd ya BSD iliandika majibu ya mteja kwenye bafa, nafasi ya muda ya kumbukumbu, kwa kusogeza kielekezi tu, nfrontp, bila kuuliza nafasi iliyobaki. Mteja akirundika maombi, majibu yanafurika nje ya bafa. Miaka 10 baadaye, Desemba 2011, FreeBSD, mfumo endeshi huria wa ukoo wa BSD, ilitoa tahadhari siku mbili kabla ya Krismasi: sehemu ya usimbaji fiche ilipokea kitambulisho cha ufunguo kutoka kwa mteja na kukinakili kwenye nafasi ya baiti 64 bila kupima urefu, tena kabla mtu hajaingiza nenosiri. Kiraka, yaani rekebisho la msimbo, kilikuwa sharti moja: urefu ukizidi MAXKEYLEN, yaani kikomo hicho cha 64, ukatwe. Msimbo huohuo ulikuwa umenakiliwa kwenye miradi mingine, Heimdal, MIT Kerberos na GNU inetutils, kwa hiyo shimo moja likazibwa nyumba kwa nyumba. Ukimya wa msimbo, basi, si cheti cha afya.

Ila wanaosema "tuutunze vizuri tu" nao wana la kujibu. Hitilafu iliyotangazwa Januari 2026 katika telnetd ya GNU inetutils haikutoka enzi za Berkeley. Iliingia kwa badiliko la mwaka 2015, ikatoka na toleo 1.9.3. Dimoni huita programu ya login na kuipa jina la mtumiaji kutoka kwenye kigeu cha mazingira USER, ambacho mteja ndiye hukituma. Mteja akituma "-f root" badala ya jina, login hukisoma kama amri: -f maana yake mtu huyu ameshathibitishwa, usimwulize nenosiri. Anaingia akiwa root, msimamizi mwenye mamlaka yote. Na ujanja huu si mpya. Katika mifumo mingine ya Unix, telnetd ya Solaris 10 ilianguka kwa -f hiyohiyo mwaka 2007, na rlogin ya AIX mwaka 1994. Aliyegusa msimbo mwaka 2015 hakukosa ujuzi wa C, lugha iliyoandikiwa dimoni hizi. Alichokosa ni kumbukumbu ya dimoni za aina hii, na mhakiki wa kumkumbusha.

Hapo ndipo penye uzito wa mjadala mzima, kwa maoni yangu. Swali la umri wa msimbo lina faida ndogo. Swali zito ni kama yupo mtu anayeuendesha, anayejua kwa nini kila mstari uko pale.

Tazama mfano mdogo. Ndani ya telrcv, fanksheni ya telnetd inayopokea data ya mteja, kila baiti inayoingia husomwa hivi:

c = *netip++ & 0377

Sehemu ya & 0377 hubakiza biti nane tu, ili thamani iwe kati ya 0 na 255. Mtu wa kusafisha msimbo ataiona ni urembo, aifute. Kwenye Linux yenye kichakato cha ARM hakitaharibika kitu, kwa sababu char, aina ya data ya baiti moja, huko haina alama ya hasi. Kwenye x86, vichakato vya Intel na AMD, ina alama: baiti 255, ile IAC inayofungua kila amri ya Telnet, inageuka -1, hailingani tena na 255, na dimoni inaacha kuelewa amri zote. Inakompaili safi bila onyo la maana. Mwenye mashine ya ARM atajaribu, ataona inafanya kazi, atatuma kiraka.

Kuacha bila kugusa nako hakuwezekani, hata ukitaka. Vikompaila hubadilika: GCC 10 iliacha kuunganisha vigeu vilivyotangazwa mara mbili kwenye faili tofauti, mtindo wa kawaida wa zamani. Clang 16 na GCC 14 zimefanya kuita fanksheni isiyotangazwa kuwa kosa, na GCC 15 hutumia C23, kiwango kipya cha lugha ya C, kwa chaguo-msingi, ambamo mabano matupu yana maana ya "hakuna hoja" na matamko ya mtindo wa kale wa K&R yameondolewa. Maktaba nazo hubadilika: tangu glibc 2.17, maktaba ya C ya Linux, crypt() inayosimba nenosiri inaweza kurudisha NULL, yaani patupu, ikipewa chumvi mbovu (herufi zinazochanganywa na nenosiri), na dimoni inayopeleka jibu moja kwa moja kwa strcmp, fanksheni ya kulinganisha maandishi, inakufa. Kwa hiyo viraka vitakuja tu, na vingi vitatoka kwa watu wanaotaka mfumo ukompaili, si wanaoitumia telnetd.

Matunzo ya kweli yana gharama inayojulikana. Kompaili kwa AddressSanitizer, kifaa kinachonasa makosa ya kumbukumbu, kwenye x86 na ARM zote mbili. Pitisha baiti za ovyo kwa kifaa cha fuzz. Usizipitishe kwa bomba la kawaida (pipe), kwa sababu telnetd huita getpeername kuuliza nani yuko upande wa pili wa ingizo lake, na hukataa kisicho soketi, yaani muunganisho wa mtandao. Weka "--" mbele ya kila jina linalopelekwa login, ili lisisomwe kama amri. Ondoa usimbaji fiche wa zamani wenye DES, mbinu dhaifu isiyomlinda mtu leo. Kazi hiyo inahitaji mtu mwenye jina, si "timu".

Akikosekana, iondolewe kwenye mfumo wa msingi. OpenBSD ilishaitoa telnetd mwaka 2005. FreeBSD iliitoa katika toleo 14.0, ikabakiza mteja na kuihamishia dimoni kwenye vifurushi kwa wenye vifaa vya zamani visivyoweza SSH, mrithi salama wa Telnet. Nakubaliana na njia hiyo, kwa shingo upande kidogo: kifurushi kisicho na mtunzaji kina mashimo yaleyale, na sasa wanaokitazama ni wachache zaidi.

Na kufuta kwenye hazina ya msimbo hakufuti kwenye mashine. Anayepandisha FreeBSD kwa kukompaili mwenyewe, akisahau make delete-old, amri ya kufuta faili zilizopitwa, anabaki na /usr/libexec/telnetd ya zamani. Mstari wake katika inetd.conf kama ulikuwa umewashwa, inetd, programu inayoamsha dimoni mteja anapogonga poti, itaendelea kuiita, na hakuna kiraka kitakachoifikia tena.