Mihimili Mitatu, Mwenyekiti Yuleyule

Jamani, ibara ya 4 ya Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 imepangwa ukaipenda: utendaji huku, kutunga sheria kule, haki mahakamani. Mihimili mitatu. Sasa jaribu kuwatafutia wenye mihimili viti vitatu, uone wanavyokaliana mapajani.

Ibara ya 55 inataka mawaziri watoke miongoni mwa wabunge. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Yaani anayesimamiwa yumo humohumo ndani ya msimamizi! Mbunge wa jimbo asiye waziri naye usimwonee huruma. Bungeni Dodoma anaibana Serikali kuhusu matumizi, halafu akirudi nyumbani anaingia baraza la madiwani kupitisha bajeti ya halmashauri, kisha anakalia kiti cha kamati ya Mfuko wa Jimbo, sheria ya 2009, anagawa mabati na saruji. Mtu kama huyo akijikagua atajinyima hati safi?

Ndiyo maana barabara ya mtaa ikigeuka bwawa tunamfokea yeye. Wapi! Hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; TARURA iko chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na TAMISEMI ni mkono wa Serikali Kuu. Mbunge atauliza swali, Naibu Waziri atajibu "kadiri ya upatikanaji wa fedha", meza zitagongwa, vyura wetu wataendelea kuzaana. Aikatae bajeti basi? Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likifanya hivyo. Nani arudi kuomba kura na mkopo wa gari haujaisha? "Ndiyoooo!"

Lakini uhondo wenyewe uko kwa DC, yaani Mkuu wa Wilaya. Bomba la kijiji halitoi maji, mhandisi anababaika kujieleza mkutanoni, unamsikia DC akimwambia mkuu wa polisi wa wilaya: "OCD, weka ndani huyu, saa 48!" Watu wanapiga makofi wakidhani ni hukumu. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 haikumpa DC uhakimu. Anaweza kuamuru ukamatwe ukiwa umetenda kosa la kukamatika, mbele yake au likijulikana, au ukielekea kuvuruga amani na njia nyingine ya kukuzuia hakuna. Sababu aziandike palepale, nakala imfikie hakimu, na kabla saa 48 hazijaisha uwe umefikishwa mahakamani. Zikipita, unaachiwa, na haruhusiwi kukukamata tena kwa jambo hilohilo. Sasa bomba kavu linavuruga amani ya nani, zaidi ya ndoo? Ndugu wakifika kituoni, kabla ya kuulizana nani amekuja na chapati, waulizie ile karatasi ya sababu. Mara nyingi ndiyo inayokosekana, maana hasira hazina nakala.

"Basi nitamshtaki kwa hakimu." Sawa, nenda. Ila ujue kwamba kwa Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011, hakimu wa mahakama ya mwanzo akilalamikiwa kimaadili, anaitwa kwenye kamati ya wilaya. Mwenyekiti nani? DC! Panda basi kwa hakimu wa mahakama ya wilaya. Huyo kamati yake ni ya mkoa, mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa naye ana saa 48 zake.