Kabla ya waya, lijue gego la miaka sita

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa PCB, yaani waliosoma fizikia, kemia na baiolojia. Siku hizi wengi hawaulizi habari za udaktari wa meno kwa jumla. Wanataka othodontia moja kwa moja, ule ubingwa wa kupanga meno na taya. Wameona picha za kabla na baada, wamesikia kwamba kufunga waya kunalipa. Hii ndiyo kazi yangu na ninaipenda, siwezi kumwambia mtu asiitake. Ninachowaambia ni kwamba wasiikimbilie. Fanyeni kwanza kazi ya daktari wa meno wa kawaida, miaka mitatu hivi, na ikiwezekana iwe hospitali ya wilaya.

Ninajua jibu lao, maana hesabu hiyo niliipiga mwenyewe. Shahada ya udaktari wa meno pale Muhimbili ni miaka 5, mafunzo kwa vitendo mwaka 1, halafu ubingwa miaka 3 au 4 kutegemea nchi utakayokwenda, na wengi wetu ilibidi twende. Ukiongeza mitatu ya wilayani, umeshavuka thelathini na nyumbani wanauliza utasoma hadi lini. Swali hilo ni la haki, hasa kwa mtoto wa kwanza ambaye wadogo zake wanamngoja awalipie ada. Hata hivyo sibadili ushauri wangu, na sababu yangu ni jino moja.

Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Halingoji jino la utoto ling'oke. Linachomoza kimyakimya nyuma ya mengine yote, na wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka wanasema acha, litang'oka liote jingine. Haliotagi jingine.

Mwaka wangu wa kwanza wilayani, mama mmoja alimleta binti yake wa miaka 9, shavu limevimba, hajalala siku tatu. Gego lilikuwa limekwisha, zimebaki kuta. Vifaa vya kutibu mzizi hatukuwa navyo, nikaling'oa. Mama akanishukuru, akamgeukia mtoto: "Nyamaza mwanangu, litaota jingine." Ikabidi nimweleze. Sura ya yule mama ilivyobadilika ndiyo niliyokwenda nayo hadi darasani nilipoanza kusomea ubingwa.

Na huko darasani nikalikuta gego lile lile. Mwaka 1899 Edward Angle, Mmarekani aliyeifanya kazi hii kuwa taaluma inayojitegemea, aliyagawa makosa ya mpangilio wa meno katika madaraja matatu. Kipimo chake kilikuwa namna magego ya kwanza ya juu na ya chini yanavyokutana. Wenzangu waliotoka chuo moja kwa moja walikariri michoro, na wakafaulu vizuri. Mimi nilikuwa namwona yule mtoto. Nilijua gego la pili litalalia kwenye pengo, na la juu litashuka likimtafuta mwenzake. Nilijua pia kwamba angeletwa akiwa na miaka 7, tundu lingezibwa asubuhi moja na habari ingeishia hapo.

Wilayani ndiko nilikokutana pia na meno ya nailoni, ile imani kwamba kijino kilicho ndani ya fizi ndicho kinachomuuguza mtoto. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, fizi imevimba pale jino la chonge litakapotokea. Mganga anapasua na kuchokoa kijino kichanga kwa chombo ambacho hakijachemshwa. Wapo wanaokufa kwa maambukizi. Wanaopona tunawaona wakiwa na miaka 12 au 13, chonge la kudumu halipo au limeota limepinda, kwa sababu chimbuko lake lilikuwa palepale. Bingwa ambaye hajawahi kusikia neno meno ya nailoni ataandika kwenye faili kwamba mgonjwa alizaliwa bila chonge. Anayelijua atamuuliza mama taratibu, bila kumwaibisha, kisha atamtazama na yule mdogo aliyebebwa mgongoni.

Kazi yenyewe inakwenda polepole kuliko picha zinavyoonyesha. Waya hulisukuma jino kidogo tu: upande unaobanwa seli hula mfupa, upande wa pili mfupa mpya hujengwa, na jino huhama kama milimita 1 kwa mwezi. Ukikaza zaidi ili uwahi, damu haipiti vizuri na mzizi unaweza kufupika. Kwa hiyo utamwona mgonjwa kila baada ya wiki 4 hadi 8, kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, na hata waya ukishatoka atavaa kifaa cha kuyashikilia meno, la sivyo yatarudi yalikotoka. Mgonjwa aliyefungwa waya kisha akakosa nauli ya kurudi kliniki ana hali mbaya kuliko alivyokuja. Siku hizi naulizia nauli kabla sijagusa kinywa cha mtu, na swali hilo sikufundishwa na profesa yeyote.

Kuna na mwanya. Vitabuni umewekwa pamoja na kasoro, ilhali kwetu pwani umesifiwa kwa mashairi. Akija binti mwenye mwanya, muulize yeye anataka nini, si mchumba wala shangazi aliyemsindikiza. Akisema uachwe, uache.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza aanzie wapi. Nilimjibu hivi: kabla hujajaza fomu za chuo, nenda hospitali ya wilaya iliyo karibu nawe, omba ruhusa ukae chumba cha meno asubuhi moja. Akija mtoto wa darasa la kwanza au la pili, mwombe daktari akuonyeshe gego la miaka sita. Likiwa zima, litazame vizuri. Likiwa na tundu, muulize kama linaweza kuzibwa leo hii hii.