Suruali ya Mfalme

Wenzangu wa vibanda vya stendi hapa Nakuru waliponichagua nikawasemee kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, Mama Uji alinitazama kuanzia kiunoni kushuka chini. "Sasa mjumbe, hiyo suruali ya mafuta ya mandazi utaiacha nyumbani, ama tuchague mwingine?"

Mkutano ulihusu Mswada wa Fedha wa kaunti, ule unaoletwa kila mwaka kupanga ada za leseni, masoko na maegesho. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Kushirikishwa kwenyewe, nilivyokuja kuona, ni maji ya chupa, fomu ya kutia sahihi, na kijitabu cha Kiingereza ambacho ada yako imo kwenye jedwali la mwisho, kwa herufi za kusomwa na siafu.

Basi nikaenda kutafuta suruali. Tangu Nakuru itawazwe jiji tarehe 1 Desemba 2021, biashara zetu zimepandwa na maneno makubwa. Kinyozi mwenye kiti kimoja ameandika "Kituo cha Kimataifa cha Urembo". Hoteli inayoishiwa chapati saa nne asubuhi imeandika "Hapa Hakuna Kukosa". Duka nililoingia, ambalo jina lake nitalimeza, lilikuwa na bango la ukuta mzima: MTEJA NI MFALME. Chini yake, kwa maki peni: Mali ikiuzwa hairudishwi. Chini zaidi: Usiguse kama hununui.

Muuzaji akanivutia suruali ya kijivu yenye kibandiko kiunoni: Imara Daima. "Hii, bosi, hata ukipanda nayo Menengai, yenyewe ndiyo itakuteremsha." Chumba cha kujaribia hakikuwapo. Aliuzungusha mkanda wa suruali shingoni mwangu, ncha zikakutana, akatangaza kwamba imenikaa. Nikalipa.

Notisi ya mkutano ilisema saa tatu. Wakubwa walifika saa tano. Ikaja sala, ukaja utambulisho, kisha utambulisho wa waliosahauliwa kwenye utambulisho. Afisa akausoma mswada kwa kasi ya mnada. Nilipomwona anafunga daftari, nikainua mkono.

"Haya, mzee wa suruali ya kijivu."

Nikasimama kwa nguvu za vibanda vyote. "Mwenyekiti, sisi watu wa stendi..." Hapo ndipo Imara Daima ilipoachia, mshono wote wa nyuma, nikausikia upepo wa ziwani mahali ambapo haujawahi kufika. Nikaketi.

"Endelea, mzee."

Nikatikisa kichwa.

"Kwa hiyo huna pingamizi?"

Kanuni ya ukumbi ni kwamba mchangiaji asimame. Nikatikisa kichwa tena. Karani akaandika, watu wakapiga makofi. Nilitoka nikienda kinyumenyume, nikiwainamia wakubwa mmoja mmoja hadi mlangoni, na nyuma yangu, au tuseme mbele yangu, nikasikia mama mmoja akiisifu adabu yangu.

Dawati la huduma kwa wateja kule dukani lilikuwa na kikaratasi: "Tunakujali. Tumeenda lunchi." Nikangoja nimeegemea ukuta, bango la mfalme likiwa juu ya kichwa changu. Nikamkumbuka Nabongo Mumia wa Wanga. Yeye alikuwa mfalme wa kweli. Waingereza wakamfanya chifu mkuu mwaka 1909, baadaye wakamstaafisha. Ufalme wa kupewa na mwenye duka una saa zake za kufungwa.

Dada wa dawati aliporudi nikamweleza kwa upole kwamba ipo sheria ya kuwalinda wateja ya mwaka 2012, na kabla yake Katiba yenyewe inampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, pamoja na fidia akipata hasara kwa kasoro zake. "Angalia arubaini na sita," nikamwambia.

"Arubaini na sita hatuna, kaka. Mwisho wetu ni arubaini na mbili."

Akaitwa meneja. Aliikagua suruali bila kunitazama usoni.

"Imepasuka kitambaa ama mshono?"

"Mshono."

"Basi. Imara ni kitambaa."

Akanielekeza kwenye kisanduku cha maoni. Kufuli yake ilikuwa imeshikwa na kutu, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeshatoa maoni ya kutosha.

Nje, kwenye veranda ya duka hilohilo, kuna fundi wa cherehani asiye na bango lolote. Alinipa leso ya mteja wake nijifunge, akaanza kushona huku akilalamika.

"Wataongeza ada za hapa nje, utaona. Leo walikuwa na mkutano. Watu wa stendi walipeleka mtu wao, na unajua alifanya nini? Nimeona kwenye WhatsApp sasa hivi. Akasimama, neno halijatoka, akaketi! Halafu akaondoka akiwainamia wakubwa."

"Labda alipatwa na dharura," nikasema.

"Dharura gani ya kuinama? Huyo alipewa kitu." Akakata uzi kwa meno. "Na tukimjua, hiyo suruali yake tutaipasua."

Nikamwomba apitishe mshono mara mbili.