Soja kaenda kuangalia masoja

Jamani likizo yangu mwaka huu nimeila Nepal, na kabla hamjaniuliza pesa nilitoa wapi, sikutoa mahali, nimekopa, ndio maana naandika hapa na roho inaniuma.

Mimi huku Doha ni soja, yaani mlinzi wa mlangoni, si wa jeshi. Nasimama mlangoni masaa kumi na mbili naitikia salamu za watu wasionisalimia. Chumbani tuko wanne, na kitanda cha chini yangu analala Mnepali mmoja mpole sana, yeye aniita dai, yaani kaka mkubwa, mimi namwita bhai, yaani mdogo wangu, ingawa mvi anazo yeye. Basi mwaka mzima ni dai twende kwetu, dai ukaone majumba ya wafalme, dai utalala kwa mamangu bure. Hilo neno bure ndilo lililonimaliza. Nikasema haya, Mombasa naijua, Mombasa haihami.

Balaa la kwanza saa. Nepal iko mbele ya Doha kwa masaa mawili na dakika 45. Hizo 45 ni za nini sasa? Mimi tangu utotoni natembea na saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya kizungu, leo naongezewa na robo kasoro. Halafu ukutani kwa kina Bhai kuna kalenda yao, mwaka wao umeupita wetu kwa miaka hamsini na kitu, nikamuuliza Bhai kwa hesabu hii si mimi nishastaafu? Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Kwao ni Bhaktapur, mji wa matofali mekundu kando ya Kathmandu. Zamani lile bonde lilikuwa na falme tatu za ndugu kwa ndugu, Kathmandu, Patan na Bhaktapur, na kila mfalme akiona mwenzake kajenga hekalu na yeye anajenga lake, zile za jirani kaweka geti jipya na mimi lazima niweke. Ndio maana kila mji una uwanja wake wa kifalme umejaa majumba na mahekalu hata pa kuanika nguo hupaoni.

Tukafika getini asubuhi, mimi, Bhai na mamake, Aama. Bhai kapita bure. Aama kapita bure. Bibi na kikapu chake cha vitunguu kapita. Mbuzi kapita, hakuulizwa hata jina. Mimi nikainuliwa mkono, simama hapo! Kumbe kuna bei ya Wahindi na majirani zao wengine wa huko, halafu sisi tuliobaki duniani wote ni fungu moja, mimi na Mjerumani bei sawa, rupia elfu moja na mamia juu. Mimi! Mtoto wa Majengo niliyekuwa nikipita Fort Jesus kwa bei ya mwananchi huku namwangalia mzungu anahesabu noti zake na namcheka kwa pua. Nikajaribu kumlilia yule wa tiketi, nikamwonyesha mpaka kitambulisho cha kazi, akasoma Kenya, uso ukamng'aa, ah Kenya, simba wengi! Kana kwamba hao simba ni wangu nawakamua maziwa. Nikalipa.

Ndani, sisemi uongo, pazuri. Kuna jumba la madirisha 55, mbao zimechongwa mpaka unahurumia macho ya fundi. Nilianza kuyahesabu ili pesa yangu irudi, nikafika 41 njiwa akanifanyia alichonifanyia begani. Kando yake kuna Lango la Dhahabu, na mkabala wake mfalme Bhupatindra Malla amekaa juu ya nguzo ya mawe, mikono ameikutanisha, mpole kabisa. Mpole wapi. Bhai akanionyesha masanamu mawili ya mawe pale karibu, yana mikono chungu nzima, anasema hadithi yao ni kuwa fundi alipoyamaliza mfalme alimkata yake ili asiende kuchonga mji mwingine. Nikanyamaza. Nikakumbuka kampuni yangu ya kwanza iliyoninyima barua ya kuhama kazi. Kumbe nilipendelewa.

Aama naye akanivuta shati nitazame juu. Chini ya paa la hekalu moja kuna miti imeegemezwa kulishika, imechongwa, na ilichochongwa, jamani, ni mambo ya chumbani, tena bila haraka. Maelezo yenyewe eti radi ni mungu wa kike mwanamwali, akiona yale anaona haya anapiga kwengine. Aama ana miaka sabini na ushei, ananionyesha moja moja kwa kidole asije mgeni akapitwa, na mimi natazama viatu vyangu nasema ndio mama, mti mzuri mama.

Tukanunua juju dhau. Niliposikia juju nikarudi nyuma hatua mbili, kwetu juju hailiwi. Kumbe juju kwa lugha yao ni mfalme, ni mtindi mfalme, umegandia kwenye bakuli la udongo, mzito mpaka ukipindua hauanguki. Wafalme wa Bhaktapur waliondolewa 1769, wale waliowaondoa nao wakaondolewa 2008, mtindi bado uko kitini.

Na bakuli langu mkononi nikafika Nyatapola, hekalu la orofa tano la mwaka 1702. Hapo nikakaa kabisa. Ngazi zake zina masoja! Chini kabisa wanamieleka wawili, Jayamal na Phatta, kila mmoja ana nguvu za watu kumi. Juu yao ndovu, mara kumi ya wanamieleka. Juu yao simba, halafu wanyama nusu simba nusu ndege, halafu miungu wawili wa kike, kila zamu mara kumi ya walio chini yao, na wote hao wanamlinda mungu aliye ndani ambaye watu hawamwoni isipokuwa makuhani. Nikamwambia Bhai hii si ni kampuni yetu? Masoja chini, juu yao supavaiza, juu yake supavaiza wa supavaiza, na bosi hajawahi kuonekana.

Lakini kazi wameifanya. Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la 7.8 liliangusha mahekalu pale uwanjani, Bhai alikuwa zamu Doha anapiga simu ya Aama haishiki mpaka usiku. Nyatapola ilisimama. Lile la 1934 pia ilisimama. Na Jayamal hajapewa hata ovataimu.

Nikakaa kando ya goti lake kupumzisha miguu. Akaja mtoto wa shule, selfi, anko. Akaja wa pili. Nikiangalia ni darasa zima na mwalimu wao, wamepanga foleni mpaka kule chini, wanamieleka hakuna anayewatazama, mimi ndiye nimekuwa kivutio, na Bhai amesimama anapanga foleni vizuri kama yuko kazini. Nikamnong'oneza, Bhai, tuwatoze bwana, tuweke bei ya mwenyeji na bei ya mgeni, nirudishe changu.

Akaitazama ile foleni. Dai, akasema, hawa wote ni wenyeji. Wenyeji bure.