Mwendelezo katika Katuni za Mashujaa: Tarehe na Matokeo Si Kitu Kimoja

Mpenzi wa katuni za mashujaa wa Marekani aliyeko Kigoma huzipata kwa vipande: toleo moja limetoka kwenye mitumba ya vitabu, jingine ameazimwa na mtu aliyetoka Dar es Salaam, mengine anayasoma kwenye simu bando likiruhusu. Kwa hiyo ubishi wa miaka mingi kuhusu mwendelezo, yaani kama tukio la toleo moja linapaswa kuheshimiwa na matoleo yote ya mashujaa wanaoishi katika ulimwengu uleule, unamgusa yeye pengine kuliko anayenunua kila toleo.

Wanaoutetea mwendelezo wana hoja nzito. Kampuni ya katuni ya Marvel ilipoanzisha Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne, mwaka 1961, mwandishi na mhariri wake Stan Lee na wachoraji walianza kujenga New York moja inayokaliwa na mashujaa wote. Katika toleo la kwanza la The Amazing Spider-Man, mwaka 1963, Spider-Man anavamia makao ya Fantastic Four akitaka ajira, kisha anaondoka zake akishajua kwamba hawalipi mshahara. Katika matoleo mengi ya baadaye, pembeni mwa picha kuna kisanduku kidogo cha mhariri kinachotaja toleo lililosimulia tukio linalozungumziwa. Anayesoma kwa vipande huenda asilipate kamwe toleo hilo, lakini kisanduku kinamhakikishia kwamba tukio lilitokea kweli na lina uzito. Msomaji aliyegundua kosa na kulitafutia maelezo ya kuridhisha alitumiwa tuzo iitwayo No-Prize, ambayo ilikuwa bahasha tupu, na watu waliigombania.

Upande wa pili unauliza mzigo huo utabebwa hadi lini. Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, kijana wa shule mwaka 1962, leo angekuwa mzee wa kupokea pensheni. Tony Stark, yaani Iron Man, alitekwa Vietnam katika hadithi ya mwaka 1963. Baadaye tukio hilo likahamishiwa Afghanistan, na mwaka 2019 Marvel ikalipeleka katika vita vya nchi ya kubuni iitwayo Siancong. Kanuni ya Marvel ni kwamba mambo yote tangu Fantastic Four yametokea ndani ya miaka michache iliyopita, na miaka hiyo inasogea pamoja na sisi. Kanuni hiyo inashindwa kwa Magneto, adui wa kundi la X-Men. Yeye ni manusura wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na Auschwitz ina tarehe ambazo hakuna mhariri mwenye haki ya kuzisogeza. Kinachomwokoa ni hadithi za miaka ya 1970 ambamo aligeuzwa mtoto mchanga kisha akarudishwa akiwa kijana mwenye nguvu.

DC, kampuni inayoshindana na Marvel, ilichagua kisu: kukata na kuanza upya. Mwaka 1961 Barry Allen, shujaa mwenye mbio aitwaye Flash, alikutana na Flash wa zamani, Jay Garrick, aliyeishi katika Dunia nyingine, na Dunia za namna hiyo zikaongezeka hadi zikawachosha wahariri. Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya Marv Wolfman na George Pérez kati ya 1985 na 1986, ilizikunja zote kuwa moja. Kisha mwandishi na mchoraji John Byrne akamwanzisha Superman upya, safari hii bila kuwahi kuwa Superboy, yaani shujaa tangu ujana wake. Lakini kundi la Legion of Super-Heroes, la karne ya 30, lilikuwa limeundwa kwa kumwiga huyo Superboy. Ikabidi ibuniwe hadithi ya kuziba pengo, na viraka havikuisha: Zero Hour mwaka 1994, Flashpoint mwaka 2011, hadithi nyingine za kuupanga upya ulimwengu wa DC. Kila usafishaji uliofanywa kumrahisishia msomaji mgeni ukawa sura nyingine ya kukariri.

Kwa maoni yangu pande hizi mbili hubishana bila kutenganisha tarehe na matokeo. Hapa kwetu Ujiji, Stanley aliandika kwamba alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871, ilhali shajara ya Livingstone inaweka mkutano huo mwishoni mwa Oktoba. Tofauti hiyo haimzuii mtu kuusimulia mkutano wenyewe. Lakini nani angekubali kuambiwa hawakukutana kabisa? Ndiyo sababu kuhamisha vita vya Stark hakunisumbui, lakini One More Day ya mwaka 2007, ambamo ndoa ya Peter na Mary Jane ya mwaka 1987 inafutwa kwa mapatano na Mephisto, pepo mwovu wa katuni za Marvel, inanisumbua hadi leo. Joe Quesada, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo, aliamini kwamba ndoa inamzeesha Peter, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Ila wasomaji waliokuwa wameifuata ndoa hiyo kwa miaka 20 waliambiwa haikuwahi kuwapo.

Hata hivyo, kufuta nako kunaweza kuzaa hadithi nzuri. Barry Allen alikufa katika Crisis, na Wally West, aliyekuwa msaidizi wake, akawa Flash kwa zaidi ya miaka 20. Barry alirudi mwaka 2008; baada ya Flashpoint, Wally huyo akaondolewa kabisa. Mwaka 2016, katika DC Universe: Rebirth, anarudi akimtafuta mtu hata mmoja anayemkumbuka, na Barry ndiye anayemkumbuka. Hadithi hiyo inamchoma anayejua kilichofutwa. Asiyejua atahitaji kile kisanduku cha mhariri.