Papa wa marinda: mmoja au wawili?

Tangu Samuel Garman alipompa jina la kisayansi mwaka 1884, kwa papa aliyevuliwa Japani, papa wa marinda alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa spishi moja tu iliyo hai: Chlamydoselachus anguineus. Ana mwili mrefu kama wa samaki mkunga, jozi sita za matamvua zenye kingo zilizokunjamana kama marinda, na meno yapatayo 300, kila jino na ncha zake tatu. Aliyevuliwa kilindini huko Namibia aliitwa jina hilohilo, na sioni wa kumlaumu: kwa nje wanafanana kama shilingi kwa ya pili.

Mwaka 2009 David Ebert na Leonard Compagno walimtenga huyu wa kusini mwa Afrika wakamwita Chlamydoselachus africana. Anajulikana kwa hakika kuanzia kusini mwa Angola hadi kusini mwa Namibia. Kichwa chake ni kirefu zaidi ukikilinganisha na mwili, ila hoja nzito zimo ndani. Ana pingili 147 za uti wa mgongo, mwenzake ana 160 hadi 171. Kisha kuna utumbo. Wa papa huzunguka kwa ndani kama parafujo, chakula kikawie humo. Wa Afrika una mizunguko 35 hadi 49, wa mwenzake 26 hadi 28.

Anayetilia shaka naye ana la kusema. Idadi ya pingili za samaki huweza kubadilika ndani ya spishi moja kufuatana na joto la maji, na papa hawa hunaswa kwa nadra, hivyo waliopimwa si wengi. Kwa pingili tu nisingeshawishika. Utumbo ndio unaonivuta: hesabu hizo mbili hazikaribiani hata kidogo. Tena jike wa anguineus hukaribia mita 2, ilhali wa Afrika hutajwa kufikia kama mita 1.2.

Naegemea spishi mbili, na wala si kwa ajili ya jina. Mengi tuyajuayo kuhusu uzazi wao yametoka Ghuba ya Suruga, Japani, ambako ilikadiriwa kwamba huenda jike akabeba mimba miaka mitatu na nusu. Tukimhesabu papa kuwa mmoja, makadirio ya Suruga yatatumika kwa majike wanaonaswa na nyavu za kukokota Namibia, kana kwamba yalipimwa hukohuko.