Nimeajiriwa na Kuku

Duniani hakuna kuku anayetaga kama kuku wa kwenye daftari. Huyo haugui, hafi, hali pumba, na kila siku ya Mungu yai moja, hata Ijumaa Kuu. Kuku 100, mayai 100, gawa kwa 30 upate trei tatu na chenji, zidisha kwa bei ya sokoni Mwanjelwa, zidisha kwa mwezi. Halafu jamaa anayekupigia hesabu anafunika kalamu, anakutazama kwa huruma: "Sasa mzee wangu, huko kazini unafuata nini?"

Aliyenipigia hesabu hiyo mpaka leo hajawahi kufuga hata njiwa.

Basi, vifaranga chotara wakaja na basi kutoka Dar, ndani ya boksi lenye matundu. Nilikwenda stendi nimejiandaa kwa msiba. Kumbe kifaranga kabla hajatoka kwenye yai anakivuta tumboni kiini kilichobaki, kinamtosha siku mbili hivi bila kula wala kunywa. Binadamu akitoka Dar, hajafika Mikumi ameshanunua mayai mawili ya kuchemsha dirishani na chumvi yake kwenye kikaratasi. Na wale wa kwenye boksi wanasikia maganda yanavyomenywa. Ndiyo maana walifika Uyole wananitazama vile.

Tatizo la kwanza ni kwamba wataalamu wote wa kuku wa kwenye simu wanaishi pwani. Wanakwambia "hakikisha joto" kama mtu anayekwambia hakikisha unapumua. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 mpaka 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Mimi niliwapokea mwezi wa sita, Uyole, ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi na usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo chumba cha vifaranga kilihamia Tanga, changu kikabaki Mbeya. Majiko ya mkaa mawili, wao. Blanketi lililochoka, mimi.

"Baba, ule mkaa wa mwezi mzima uko wapi?" aliuliza mama watoto.

"Unalea."

Na huwezi kuwasha jiko ukaenda kulala. Ukiziba dirisha, gesi ya mkaa inawamaliza kimya kimya. Ukiacha dirisha wazi, baridi ya Uyole inaingia bila hodi. Wakisikia baridi wanakimbilia kwenye kona na kulaliana, wa chini anakufa, kwa hiyo unawazungushia kadibodi iwe duara, kona isiwepo. Halafu unakaa na kuwasoma. Wakijirundika karibu na jiko, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni wamefungua midomo, umewachoma. Wakitawanyika huku na huku kila mmoja na shughuli yake, hapo ndipo unaweza kusinzia. Saa tisa usiku nimechuchumaa na tochi, mtu mzima, natafsiri mpangilio wa vifaranga kama mganga anayesoma ramli. Nikamaliza, nikaanza kuwaosha matako. Ndiyo, matako. Kinyesi kinagandia pale nyuma, njia inaziba, na kifaranga anaweza kufa. Unachukua pamba na maji ya vuguvugu, unamshika kiganjani, unalainisha taratibu usimng'oe manyoya, unamkausha kabla ya kumrudisha. Wanangu wa kuzaa sikuwahi kuwaosha kwa adabu ile, na mama yao amelisema hilo mbele ya wageni.

Bibi jirani alinichungulia juu ya uzio asubuhi moja nikiwa namwaga majivu. Yeye ana kuku wa kienyeji wanaolala juu ya mti mmoja mwembamba jikoni kwake, wanatoka alfajiri, wanarudi magharibi, hajawahi kuwapa chochote zaidi ya makombo.

"Mwanangu, kuku anapikiwa moto?"

"Bibi, hawa hawana mama."

"Mama yao ni nani kama si wewe?"

Sikuwa na jibu. Lakini chanjo ilipowadia, bibi huyo huyo alikuwa wa kwanza mlangoni, maana kideri kikipita mtaani hakiulizi nani wa kienyeji nani wa kisasa. Anajua. Kuna mwaka kilimwachia tetea mmoja.

Hiyo chanjo nayo ina mambo yake. Kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, halafu unarudia, halafu ndui. Kichupa lazima kikae kwenye ubaridi, kwa hiyo unakwenda duka la dawa za mifugo na chupa ya chai iliyojaa barafu. Mjini kwenye bajaji watu wamejifunga mashuka, wanapulizia vidole, mimi nimekumbatia barafu. Ukifika nyumbani, kwanza unawanyima kuku maji kama saa mbili ili wapate kiu. Maji yenyewe yasiwe ya bomba yenye dawa, kwa sababu dawa ya maji inaua chanjo. Halafu unatia maziwa ya unga kidogo kuilinda, na wayamalize ndani ya saa mbili. Siku hiyo nyumbani kwangu tulikunywa chai ya rangi. Maziwa yalikuwa bandani.

Sasa chakula. Hii ni nyanda ya mahindi, gunia limeegemea kila ukuta, ungedhani pumba ni ya kuzoa. Nenda mashineni uone. Wafuga nguruwe wamefika tangu alfajiri, wamekaa juu ya viroba, wanakutazama unavyokuja na kimfuko chako. Ukipata pumba bado mashudu ya alizeti, bado dagaa, bado chokaa ili ganda la yai lisiwe laini. Dagaa! Wanasafiri kutoka ziwani mpaka kwangu, wanapita mbele ya meza yangu, wanakwenda kuliwa na kuku. Kuku anayetaga anamaliza kama gramu 120 kwa siku. Mia moja ni kilo 12, kila siku, na hawajui kama leo ni tarehe 28. Hata maranda ya kutandika bandani yameota bei. Misonobari imejaa milima yote hii, zamani fundi seremala alikuwa anakubembeleza umwondolee takataka zile. Siku hizi ukisimama na gunia anauliza kwanza: "Ni ya kuku?" Ukijibu ndiyo, bei inapanda ukiwa hapo hapo.

Nikavumilia, maana miezi mitano ya kusubiri yai si mbali. Walipofikisha miezi mitatu nikaona baadhi yao vilemba vinakuwa vyekundu, shingo zinarefuka, macho ya ubishi. Majogoo. Karibu nusu! Chotara wanauzwa mchanganyiko, jike na dume, na kwenye ile hesabu ya daftari hakuna jogoo hata mmoja. Majogoo wangu hawajui saa. Mmoja anaanza kuwika saa sita ya usiku, wenzake wanamjibu, wanasalimiana mpaka alfajiri, na asubuhi jirani wa upande wa pili ananiamkia kwa sauti ya mtu aliyekesha kwenye msiba wa asiyemjua.

Habari zikafika kwa ukoo. Sijui kuku wana mtandao gani. Watu walionisahau tangu nilipohama Tukuyu wakaanza kunipitia "kukujulia hali tu." Mtu anakujulia hali huku ametazama bandani. Mila zetu unazijua, mgeni hapewi mchicha wakati kuku wanapita mbele yake. Shemeji mmoja alikuja Jumamosi, akala kidari, akakabidhiwa na firigisi kwa heshima yake, yaani firigisi yangu mimi mwenye nyumba, akaijaribu kwa ulimi, akasema: "Nzuri, ila hawa wa kisasa nyama yao laini sana. Wapeni muda." Akaondoka na jogoo hai kwenye mfuko, kichwa kimetokeza nje.

Mayai yalikuja hatimaye. Yai la kwanza lilikuwa dogo, lina alama ya damu, tukaliweka kwenye bakuli juu ya kabati na hakuna aliyethubutu kulila. Mama watoto alichukua kalamu, akajumlisha mkaa, chanjo, dagaa na maranda, akagawa kwa yai lile moja, akafunga daftari. Hajaniambia jibu. Yakaongezeka, nikapeleka trei dukani. Mwenye duka akachukua moja, akalizungusha: "Mzee, haya si ya kienyeji. Ya kienyeji ni madogo." Nikamletea madogo. "Haya mbona madogo?"

Mwezi wa saba uliofuata wakapunguza kutaga, siku zilikuwa fupi na baridi imewapiga. Nikaambiwa wawekewe taa, wapate mwanga wa saa 16. Nikaweka. Umeme ukakatika.

Kitu kimoja tu bandani hakijawahi kupungua, kwa jua wala kwa baridi, na hakimo kwenye daftari la mtu yeyote. Wakulima wa viazi wa huku wanaijua samadi ya kuku. Wanakuja na guta, wanapanga foleni nje kwangu, hawaulizi ya kienyeji au ya kisasa, hawaombi kupunguziwa. Nawaambia waiache ipoe kwanza, mbichi inaunguza mche. Wanaitikia, wanalipa taslimu. Mtaani sasa naitwa Mzee Mbolea, hata mtoto mdogo anayetumwa chumvi ananisalimia hivyo. Juzi mteja mmoja wa Igurusi alinipigia simu saa kumi na mbili kasoro asubuhi.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa kukuamsha. Kuku wanaharisha vizuri?"

"Marahaba. Wanaharisha, Mungu ni mwema."

"Basi niwekee magunia manne."